Asembla Tuliyoiandika Point

Bosi wangu aliniita ofisini kwake Jumatatu moja asubuhi akanionyesha kompyuta iliyokufa. Ilikuwa mashine ya zamani, rangi yake kama maziwa yaliyochacha, na ndani yake ndimo ilimokuwa asembla yetu ya pekee. Fundi alikuwa ameshaifungua na kuifunga mara mbili.

"Haiamki tena," bosi alisema. "Na waliotengeneza chipu hawajibu barua zangu. Wewe umesomea mambo haya. Tuandikie nyingine."

Nikasema sawa. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, Mtanzania mwenye shahada ya pili ya Durban na kibali cha kazi chenye jina la kampuni hiyo hiyo, na sikuwa mtu wa kusema siwezi.

Kampuni ilikuwa ya watu sita, ndani ya ghorofa moja juu ya duka la matairi. Tulitengeneza kifaa cha kusikiliza mabomba ya maji yaliyofukiwa chini ya barabara. Unakibandika kwenye bomba, kinasikiliza, kinakwambia maji yanavujia wapi. Kazi ya kusikiliza ilifanywa na chipu ya zamani kidogo, ya aina ambayo haitengenezwi tena, na bosi alikuwa na maboksi yake stoo kwa sababu aliinunua kwa wingi watengenezaji walipokuwa wakiimaliza.

Asembla ni programu inayochukua amri zilizoandikwa kwa maneno mafupi, jumlisha hiki, soma kile, ruka kule, ikazigeuza kuwa namba ambazo chipu inazielewa. Chuoni nilikuwa nimeandika moja ndogo, ya zoezi, nikapata maksi nzuri. Lakini chipu ya zoezi ilitekeleza amri moja baada ya nyingine, kama mtu anayemeza vidonge. Chipu ya kampuni ilizichukua kwa mafungu. Amri moja, mbili, tatu au nne zikifungwa pamoja zilitekelezwa zote kwa mpigo mmoja. Kila amri ilikuwa namba ya baiti nne, na ndani ya namba hiyo kulikuwa na alama ndogo iliyosema ama fungu linaendelea, ama fungu linaishia hapa. Kazi ya asembla ilikuwa kukusanya amri za kila fungu, kuhakikisha hazigombanii kitu kimoja, kuzipanga kwa utaratibu ambao chipu inautaka, na kuweka alama ya mwisho pale panapostahili.

Nilichapisha kitabu cha maelezo ya chipu nikawa natembea nacho. Nilikisoma kwenye foleni ya taxi pale karibu na ninapokaa, Sydenham, nikakisoma kwenye ngazi wakati wa chakula cha mchana. Mwezi wa kwanza ulipita nikiwa sina hata ukurasa mmoja wa programu ambao ungemridhisha mtu.

Jumamosi moja simu yangu ikagoma kuchaji, nikaipeleka Point, mtaa wa karibu na bandari ya Durban, kwenye uchochoro wenye saluni na maduka ya simu ya Wakongo. Fundi wa meza ya mwisho alikuwa mzee wa kama miaka sitini, miwani mizito, shati limepigwa pasi hadi kwenye mikono. Alinisikia nikisalimiana kwa Kiswahili na mwanamke wa saluni. Alipokuwa akichokonoa tundu la chaji kwa sindano, macho yake yalikwenda kwenye karatasi zangu.

"Dada, ile ni assembleur?"

"Ndiyo, Papa. Unaifahamu?" nikauliza, nikimwita kama Wakongo wanavyowaita wazee.

"Nilifundisha ile." Aliweka sindano chini. "Miaka kumi na mbili, ku institut kule Bukavu. Courant, umeme, hakuna, machine iko moja, wanafunzi makumi sita. Donc wanaandika ku karatasi, miye ndiye machine. Nageuza amri zao kuwa namba ku tableau, moja moja, mpaka chaki inaisha."

Alicheka kidogo, kisha akaomba kuziona. Nilimwachia kitabu kizima. Ilikuwa nakala tu, kila mtu angeweza kuipata. Jumamosi iliyofuata nilimkuta ameshakisoma chote, ameandika maelezo nyuma ya karatasi za risiti, amezipanga kwa kufuata sura.

Ndivyo tulivyoanza. Kila Jumamosi saa nne asubuhi nilikaa upande wa pili wa meza yake na laptop ya kampuni, yeye akifungua simu za watu na kunifundisha. Wateja walimkuta akizungumza namba, wakasubiri. Hakuniomba chochote. Mkewe, aliyekuwa anauza vitenge karibu na mlango wa uchochoro, aliniambia siku moja, "Tangu tufike hapa sijamuona namna hii. Kichwa yake ilikuwa na njaa."

Toleo la kwanza lilipokamilika nililipeleka kwenye kifaa. Kifaa kikawaka, kikasikiliza kwa sekunde mbili, kikaganda. Nilijaribu siku nne nzima. Siku ya tano ilikuwa Jumamosi.

Nilimpa Papa karatasi zenye namba, akazisogeza hadi karibu na pua. Akazigeuza kuelekea dirishani. Akazishusha.

"Leo macho iko inanidanganya," alisema. "Nisomee, dada. Anza na anwani ya pale mzunguko inaanzia."

"Mbili, saba, nane."

"Mwisho ni nini?"

"Nane."

"Soma tena."

"Nane, Papa. Mbili, saba, nane."

Akatikisa kichwa. "Haiwezi. Mahali pa kurukia lazima paishie na sifuri. Sikia. Amri ya kuruka ni fupi, haina nafasi ya kuandika anwani yote. Donc inatupa tarakimu ya mwisho, sababu inaamini ni sifuri siku zote. Weye unaipa nane. Inaitupa. Inaruka kwa mbili, saba, sifuri. Inatua nyuma, ku fungu la watu wengine."

Nilitazama karatasi. Ilikuwa kweli, na ilikuwa imeandikwa kwenye kitabu, kwa herufi ndogo, chini ya jedwali nililolipita mara ishirini. Asembla yangu ilikuwa inapanga mafungu moja nyuma ya jingine bila kuangalia yanaangukia wapi, na ilipofika kwenye kuruka ilikata tarakimu ya mwisho bila kulalamika.

Nilirekebisha pale pale. Kabla ya kila mahali pa kurukia niliifanya asembla iongeze fungu la amri tupu, amri ambazo hazifanyi lolote, hadi anwani ifike kwenye sifuri. Nilijisifu kwa sauti.

"Umejaza matope," Papa alisema. "Itatembea, lakini polepole. Fungu lako la amri tupu linakula mpigo mmoja. Na kama mzunguko ule uko ndani ya mzunguko mwingine, unalipita mara elfu, unakula mipigo elfu ya bure. Tazama fungu la nyuma yake. Iko na amri ngapi?"

"Mbili."

"Fungu la amri mbili na fungu la amri nne zinachukua muda gani?"

"Mpigo mmoja. Sawa sawa."

"Voilà. Tumbukiza amri tupu zako mbili mule mule ndani. Fungu linanenepa, muda hauongezeki, na mahali pako pa kurukia panasogea baiti nane, na sababu anwani tunahesabu kwa kumi na sita, si kwa kumi, panaangukia mbili, nane, sifuri. Kama fungu la nyuma limejaa, rudi nyuma yake zaidi. Ukikosa kabisa ndiyo utengeneze fungu la bure."

Nilikuwa nimeshaanza kuandika alipogonga meza kwa sindano. "Na alama ya mwisho?"

"Alama ipi?"

"Ilikuwa ku amri ya pili. Sasa fungu linaishia ku ya nne. Usipoihamisha, umefanya mafungu mawili."

Sijawahi kufurahi kazini kama Jumamosi ile. Naliandika hili kwa sababu kilichobaki hakina furaha, na sitaki ionekane kwamba haikuwepo.

Macho yake yalikuwa yakienda kwa sababu ya sukari. Alikuwa akipata vidonge kliniki ya serikali, na kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza kitu. Kisha watu wakaanza kusimama getini, watu wa mtaani tu, si wafanyakazi, wakidai kitambulisho cha nchi kwa kila anayeingia. Alirudishwa mara mbili. Mara ya tatu nilimsindikiza, Alhamisi, nikiwa nimeomba ruhusa kazini. Nilikuwa na pasipoti na kibali kwenye mkoba, nikadhani karatasi zangu zingetufaa wote wawili. Mwanamke mwenye filimbi shingoni alinisikiliza hadi mwisho, tena bila hasira, akamtazama Papa, akatazama karatasi yake ya ukimbizi ambayo muda wake ulikuwa umekwisha. Maombi ya kuiongeza aliyatuma kwa mtandao mwaka uliotangulia na hakujibiwa.

"Eish, mkhulu," mwanamke yule akamwambia, akimwita kama mtu anavyomwita babu yake. "Nenda kwenu ukatibiwe."

Nilianza kupandisha sauti. Papa akanishika mkono. "Twende, dada. Usipigane. Nikianguka hapa utanibeba weye?"

Tukashuka. Kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani, gari zilisimama tukavuka, na nikagundua kwamba hakuwa ameiona taa, alikuwa anafuata kiwiko changu.

Wiki hiyo hiyo niliingia kwa bosi kumwomba amwajiri. Nilimwelezea mtu niliyemfahamu, mwalimu, anayeijua chipu kuliko mimi. Nilidhani kama angekuwa na barua ya kazi, hata karatasi zake zingesogea.

Bosi hakuwa mtu mbaya. Aliuliza swali ambalo yeyote angeuliza. "Ana karatasi?"

"Zimekwisha. Anasubiri jibu."

"Basi huyo siwezi. Wakija wakaguzi wanafunga mlango wangu, na nyinyi wote mnarudi nyumbani." Akanitazama kwa muda. "Ameshaiona programu yetu?"

Mkataba wangu ulisema wazi kwamba hakuna mtu wa nje anayeruhusiwa kuiona.

"Hapana," nikasema.

Jumamosi nilimwambia Papa kwamba bosi anafikiria.

Tuliendelea. Kufikia hapo hakuweza tena kufungua simu ndogo. Aliachiwa kiti mezani kwa heshima, na kazi akaifanya mpwa wa mkewe. Mimi nilisoma, yeye alisikiliza. Nilimsomea namba kama mtu anavyomsomea mgonjwa barua, na yeye, mikono juu ya magoti, alizigeuza kichwani kuwa amri: hii inasoma, hii inazidisha, hii inaruka, fungu limeisha. Nikikosea tarakimu alijua, kwa sababu amri iliyotoka haikuwa na maana. Kuna siku nilisoma saa mbili mfululizo hadi sauti ikakauka na mkewe akaniletea chai.

Mwishoni tulikuwa na asembla iliyofanya kazi. Niliipa programu yote ya kifaa, ile ya zamani, nikalinganisha matokeo na faili lililotengenezwa na mashine iliyokufa. Yalilingana hadi baiti ya mwisho. Kompyuta ilinitolea mstari mmoja tu wa kusema hakuna tofauti. Nilikimbia nao Point.

Papa hakutaka kuiamini kompyuta. Aliniomba nimsomee sehemu ya mzunguko, ile iliyotusumbua. Nilisoma. Aliinamisha kichwa, akiitikia kila fungu kwa kidole juu ya goti. Nilipomaliza akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeomba kitu ambacho hakustahili.

"Ku mwanzo wa faili, pale mnaandikaka majina ya waliofanya. Yangu iko?"

Mwanzo wa faili palikuwa na jina langu peke yangu. Nilikuwa nimeliandika siku ya kwanza, na baada ya swali la bosi sikuthubutu kuongeza lingine.

"Iko, Papa," nikasema.

"Nisomee."

Nikasogeza laptop karibu, kana kwamba ingebadilisha kitu, nikasoma. Nilisoma jina lake lote, la baba yake na lake na lile la Kifaransa, nikasema "mwalimu," kisha nikasoma langu. Yeye kwanza, mimi wa pili. Nilisoma polepole, kwa sauti ile ile niliyosomea namba.

Hakuwa na njia ya kunikosoa. Alitabasamu akielekea upande ambao sikuwepo, akamwita mkewe aje asikie. Mkewe alikuja na nikalazimika kusoma tena. Yeye alikuwa anaona vizuri, lakini hakuitazama skrini, alimtazama mumewe.

Ningeweza kuliandika jina lake wakati ule ule. Ilihitaji mstari mmoja. Nilijiambia nitafanya Jumatatu, nikishaongea na bosi. Jumatatu bosi alilifungua faili mbele yangu, akasoma jina langu, akanipongeza, akaniletea keki.

Baada ya miezi miwili hivi bosi alituita wote sita. Wateja wake wakubwa walikuwa wameamua kununua vifaa vilivyo tayari kutoka nje ya nchi, vinavyotuma taarifa kwenye simu. Chetu hakingetengenezwa tena. Hakuna hata kifaa kimoja kilichouzwa kikiwa na programu iliyopita kwenye asembla yetu. Watatu tuliachishwa kazi. Nilirudisha laptop, na kijana wa mitambo akaifuta mbele yangu ili nitie sahihi kwamba nimeona. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyotarajia.

Kibali changu kilikuwa na jina la kampuni, kwa hiyo nacho kikaanza kuhesabu siku zake. Niliandika maombi ya kazi kila mahali. Wengi hawakujibu. Mmoja aliniita, akaniuliza nimefanya nini miaka miwili iliyopita. Nikamweleza habari za mafungu na mahali pa kurukia, na nikaona jinsi alivyokuwa akisubiri nimalize.

Sikwenda Point kwa wiki tano. Nilipokwenda, uchochoro ulikuwa umefungwa nusu. Watu waliandamana pale kuwapinga wageni, wakapita duka kwa duka, na wenye maduka wengi hawakufungua tena. Meza ya Papa ilikuwa imeondolewa. Niliwakuta nyumbani kwao, chumba kimoja ghorofa ya sita kwenye jengo la zamani, lifti haifanyi kazi. Hakuwa ameshuka tangu maandamano. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa bandeji na harufu yake nikaijua mlangoni.

Nilimweleza yote kuhusu kifaa. Nilifikiri angalau hilo nisimfiche.

"Bon," alisema. "Donc hakuna mtu atakayeisoma."

"Hakuna, Papa."

"Hata majina yetu."

Mkewe alikuwa anakunja nguo karibu na dirisha. Aliacha kukunja.

"Hata majina," nikasema.

Hiyo ilikuwa nafasi yangu na niliiona ikipita. Kumwambia kweli kusingebadilisha lolote, faili lilikuwa limeshafutwa, na labda angenisamehe, kwa kuwa alikuwa mtu wa namna hiyo. Lakini wakati ule alikuwa na kitu kimoja tu, na sikujua kama nina haki ya kukichukua au nilikuwa najilinda mimi mwenyewe. Mpaka leo sijui. Nadhani nilikuwa najilinda.

Mkewe alinisindikiza hadi kwenye ngazi. "Wewe ni mtoto muzuri," aliniambia, bila kunitazama usoni, na sikuweza kutambua kama anajua.

Walimkata mguu hospitalini, chini ya goti. Safari hiyo walimpokea kwa sababu alifika amepoteza fahamu na hakuna aliyemuuliza karatasi. Nilikwenda kumwona mara mbili. Mara ya pili homa ilikuwa juu, akawa anazungumza na wanafunzi wake, akiwaambia wasifute ubao, hajamaliza. Nikakaa pembeni ya kitanda na mfuko wa machungwa mapajani. Muuguzi alipokuja kubadilisha dripu aliniuliza mimi ni nani wake. Nikasema jirani.

Alikufa Jumanne. Nilipata habari Ijumaa kwa sauti ya mkewe kwenye simu, fupi, na tulimzika Jumapili pamoja na watu wa kanisa lao, kama ishirini hivi, mvua ikinyesha kwa kuacha na kurudi. Mchungaji alisema marehemu alikuwa fundi wa simu. Hakuna aliyemrekebisha.

Sasa hivi nafundisha watu wazima kutumia kompyuta, kwenye chuo kidogo huku Berea, mkataba wa mwezi kwa mwezi. Wanajifunza kuandika barua na kupanga majedwali. Kibali changu kimekwisha, na maombi niliyotuma kwa mtandao hayajajibiwa. Mjane wa Papa bado yuko ghorofa ya sita. Huwa namtumia salamu, naye hunijibu kwa neno moja au mawili. Mwezi uliopita alinipigia kuniuliza kama najua mtu wa kununua miwani ya mumewe.